Rangi Nyeusi ya Gari: Kung'arisha Kusigeuke Kuimaliza

Wahenga walinena kwamba chovya-chovya humaliza buyu la asali. Methali hii, ambayo kwa kawaida huwaonya watoto wadokozi na wenye maduka wasiohesabu mali yao, yafaa pia kubandikwa ukutani katika kila gereji inayopokea magari meusi ya thamani. Kwa maana rangi ya gari ni asali ya namna hiyo hiyo. Ilitiwa mara moja kiwandani, haiongezeki, na kila anayeing'arisha kwa dawa yenye kukata huchovya kidogo.

Gari jeusi lina heshima yake. Ndilo linalotangulia msafara wa harusi, ndilo linalowasubiri wageni wakubwa kiwanjani, na kwa wengine ndilo shamba lao, kwani hukodishwa kwa siku na kuwalisha watoto. Lakini lina aibu yake pia. Likiwa kivulini huonekana kama kioo. Likitoka juani huonekana kana kwamba buibui ametanda usiku kucha juu ya boneti na milango. Mwenyewe hufadhaika, dereva hulaumiwa, na fundi huitwa. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu fundi mmoja aweza kuiponya rangi ile, na mwingine, kwa mashine ile ile na dawa ile ile, akaiua kwa alasiri moja.

WEUSI NA UKUBWA

Weusi haukuwa daima alama ya ukubwa. Kati ya mwaka 1914 na 1925 kampuni ya Ford ya Marekani ilitengeneza gari lake la Model T kwa rangi nyeusi tu, na gari hilo lilikuwa la watu wa kawaida. Rangi nyeusi ya siku zile ilikuwa ya bei nafuu na yenye kudumu. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilileta rangi iliyoitwa Duco, ambayo ilikauka upesi na kupatikana kwa namna nyingi, ndipo magari ya kila rangi yakaanza kujaa barabarani. Weusi nao ukabaki hasa kwa magari makubwa ya watu wenye vyeo.

Katika Afrika ya Mashariki heshima hiyo iliambatana na jina la Mercedes-Benz, hata wananchi wakabuni neno "wabenzi" kwa wale walionona kwa vyeo vyao. Magari ya daraja la S yaliyoundwa kati ya mwaka 1979 na 1991, ambayo mafundi huyajua kwa namba ya W126, ni mfano mzuri wa kufundishia. Ni mapana, yana bati kubwa lililonyooka, na weusi wake ni mzito. Gari la namna hiyo lililotoka kiwandani mwaka 1985 limekwisha kupita mikononi mwa madereva wengi na vitambaa vingi, na hadithi ya vitambaa hivyo imeandikwa juu ya rangi yake.

UTANDO WA BUIBUI NI NINI?

Mtu akimulika tochi juu ya boneti nyeusi huona duara nyingi zikiizunguka nuru ile. Akiihamisha tochi, duara nazo huhama pamoja nayo. Huu ni ushahidi kwamba duara hizo hazikuchorwa pale. Kilichopo ni maelfu ya mikwaruzo myembamba, mingi ikiwa imenyooka, iliyoelekea kila upande. Mkwaruzo huirudisha nuru machoni pale tu unapokuwa umekingama mbele ya njia ya nuru hiyo; ile iliyolala upande mwingine huipeleka nuru kwingine, isionekane. Kwa hiyo inayong'aa ni ile tu inayojipanga kuizunguka taa, na jicho hudhani limeona utando.

Kwa nini gari jeusi ndilo liaibike zaidi? Rangi nyeupe hurudisha nuru nyingi kutoka kila sehemu yake, na nuru kidogo ya mkwaruzo hupotea humo. Rangi nyeusi humeza karibu nuru yote. Kinachorudi ni sura ya mawingu na miti juu ya uso ulio laini. Mkwaruzo mmoja juu ya uso huo ni kama mstari wa chaki ubaoni. Si kwamba gari jeusi hukwaruzika kuliko jeupe; halijui kuficha, basi.

WA KULAUMIWA NI KITAMBAA

Wengi hudhani mikwaruzo hii huletwa na safari, na wengine husingizia miiba na watoto wa mtaani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa huletwa na mapenzi. Dereva mwenye bidii huamka alfajiri, akatoa kitambaa chini ya kiti, akalipangusa gari kavu kavu kwa mizunguko ya haraka mpaka ling'ae. Jioni hufanya vivyo hivyo. Hajui kwamba juu ya rangi ile limelala vumbi la barabara, na kwamba ndani ya vumbi mna kwatzi, madini yaliyo sehemu kubwa ya mchanga. Katika kipimo cha ugumu wa madini, chenye daraja 1 hadi 10, kwatzi hushika daraja la 7, hali kisu cha kawaida hukaribia 5 na nusu tu. Katika mji wa Goma, uliojengwa juu ya mawe yaliyomwagwa na mlima Nyiragongo, vumbi lenyewe ni mawe ya volkano yaliyosagika. Kupangusa vumbi kama hilo kwa kitambaa kikavu ni kupiga msasa mwepesi kila siku ya Mungu.

Makosa mengine ni ndugu wa hilo. Kuna ndoo moja ya maji inayotumika tangu paa hadi magurudumu. Kuna sifongo iliyoanguka chini ikaokotwa na kuendelea na kazi. Kuna shati kuukuu lenye vifungo na mishono migumu. Kuna sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huondoa nta yote iliyokuwa kinga, na kama chembe zake hazijayeyuka vizuri nazo huongeza mikwaruzo. Kuna pia mashine za kuoshea zenye brashi, ambazo humchapa mteja wa sasa kwa mchanga wa mteja aliyetangulia.

AKIBA ILIYO NYEMBAMBA

Kabla ya kushika mashine, yampasa fundi ajue ana akiba kiasi gani. Unene wa rangi hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Rangi yote ya kiwandani, tangu bati hadi juu, kwa kawaida huwa mikroni 100 hadi 150, yaani karibu na unene wa karatasi moja ya daftari au kuzidi kidogo.

Tena unene huo si wa kitu kimoja. Katika magari mengi ya siku hizi tabaka la chini kabisa hukinga kutu. Juu yake huja praima. Kisha huja rangi yenyewe. Na juu ya yote huja tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Utando wa buibui umo katika klia hiyo, na klia yote mara nyingi haizidi mikroni 35 hadi 50, pungufu ya unene wa unywele mmoja wa kawaida. Ndiyo inayoleta mng'ao, na ndiyo inayoikinga rangi na miale mikali ya jua. Ikipunguzwa kupita kiasi, jua la ikweta huingia hadi chini, klia hupauka, kisha huanza kubambuka kama ngozi ya nyoka. Hapo hakuna polishi wala nta iwezayo kuirudisha. Dawa ni kupaka upya, na rangi ya kiwandani, iliyokaushwa katika tanuri kabla gari halijafungwa viti na nyaya, haipatikani tena.

Mfano wa Mercedes-Benz uliotajwa huongeza somo jingine. Mengi ya magari yale ya zamani yaliyopakwa weusi mtupu, usio na chembe za metali, hayana klia; rangi yenyewe ndiyo uso. Fundi huyatambua kwa jaribio rahisi. Husugua polishi kidogo kwa kitambaa cheupe mahali pasipoonekana. Kitambaa kikiwa cheusi, ni rangi yenyewe inayotoka. Kikibaki cheupe, gari lina klia, ama ya kiwandani ama ya fundi aliyelipaka upya baadaye. Kwa upande mwingine, mwishoni mwa mwaka 2003 kampuni hiyo hiyo ilianza kutumia klia yenye chembe ndogo mno za kauri, iliyo ngumu zaidi. Kwa hiyo magari mawili meusi yenye nyota ile ile mbele yaweza kuhitaji dawa mbili tofauti kabisa. Fundi afanyaye kazi kwa mazoea ataliumiza la kwanza, na kwa la pili atahangaika bure.

KAZI YENYEWE

Kazi huanza kwa maji, si kwa mashine. Gari huwekwa kivulini mpaka bati lipoe, likamwagiwa maji mengi ili mchanga uondoke wenyewe, kisha likaoshwa kwa sabuni ya magari kuanzia juu kwenda chini. Baada ya hapo fundi hupitisha kiganja, kilichovikwa mfuko mwembamba wa plastiki, juu ya rangi. Akisikia vijipunje, ajue kuna uchafu uliojishindilia ambao maji hayakuutoa. Huo huondolewa kwa udongo maalumu laini unaotelezeshwa juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni. Donge la udongo likianguka chini hutupwa; halioshwi likarudishwa kazini.

Hatua ya pili ni kupima. Kipo chombo kidogo kinachowekwa juu ya bati na kuonyesha unene wa rangi. Fundi hupima mahali pengi katika kila mlango, boneti na paa, na kuandika. Namba zikikaribiana, rangi ni ya mkono mmoja. Mahali pakizidi sana, tuseme mikroni 300 au zaidi, huenda palipakwa upya au pana pati chini yake. Mahali pakipungua sana, ajue wengine wamekwisha kuchovya kabla yake, na hapo aache mashine. Akumbuke pia kwamba chombo hiki hutegemea metali. Juu ya bampa za plastiki, na zile bati za plastiki za chini ubavuni mwa W126, hakisomi kitu. Na hata kinaposoma, chombo cha kawaida hutaja jumla ya matabaka yote, hakisemi klia peke yake ni kiasi gani.

Hatua ya tatu ni kufunika kwa tepu ya karatasi mipira ya madirisha, nikeli na kingo zote. Kingoni na kwenye mikunjo ya bati ndipo rangi ilipo nyembamba, na ndipo mashine hukandamiza zaidi. Magari mengi yaliyotobolewa rangi yametobolewa hapo.

Hatua ya nne ndiyo inayomtenganisha fundi na mbahatishaji. Fundi huchagua kipande cha nusu mita kwa nusu mita akakijaribu kwanza. Huanza na dawa iliyo laini kuliko zote na sifongo laini. Mikwaruzo ikitoweka, ataendelea hivyo kwa gari zima. Isipotoweka, hupanda daraja moja, ama la sifongo ama la dawa, akajaribu tena. Mbahatishaji huanza na dawa kali na duara la sufu ya kondoo kwa sababu huona matokeo upesi, asijue kwamba ameitumia akiba ya miaka kumi kwa mkwaruzo ambao ungeondoka kwa kuguswa tu.

Mashine ni za namna mbili. Ya kwanza huzunguka mahali pamoja kwa nguvu. Hukata upesi, lakini huleta joto, na mkono usiozoea huacha mawingu na michirizi inayoonekana juani. Ya pili huzunguka huku ikitikisika. Huenda polepole, nayo ni salama zaidi kwa mwanafunzi. Kwa ile ya kwanza, mafundi wengi hawapiti mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Kwa zote mbili kanuni ni moja: mashine ilale sawa juu ya bati, iende taratibu, kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia, na isisimame mahali pamoja. Kiganja kikisikia bati limepata moto, kazi isimame. Sifongo isafishwe kila mara, maana iliyojaa mabaki huleta mikwaruzo mipya badala ya kuondoa ya zamani.

Fundi naye ajilinde. Avae kitambaa cha pua na miwani, kwani unga wa polishi si wa kuvutwa; waya wa umeme usipite majini; na watoto wakae mbali.

MFICHA MARADHI

Baada ya mashine huja jaribio la ukweli. Polishi nyingi zina mafuta, na baadhi zina vijazio vinavyoingia ndani ya mikwaruzo na kuifunika. Gari hung'aa mbele ya mwenyewe, fedha hulipwa, na baada ya kuoshwa mara tatu au nne utando hurudi kama ulivyokuwa. Mficha maradhi, kifo humfichua. Fundi mwaminifu huipangusa rangi kwa alkoholi ya dawa iliyozimuliwa kwa maji, baada ya kuijaribu kwanza mahali pa siri, ili mafuta yote yatoke. Kisha huimulika taa, akamwita mwenye gari aone mwenyewe. Kinachoonekana hapo ndicho kilichofanyika.

Katika hatua hii maneno mawili husikika karibu kila gereji. Mwenye gari husema, "Fundi, nataka mikwaruzo yote iishe." Na fundi anayeijua kazi yake hujibu, "Mzee, yote ikiisha, na rangi itakwisha nayo." Mkwaruzo unaonasa ukucha unapopitishwa juu yake umekwenda chini mno. Kuufuata kwa mashine ni kulishusha bati zima hadi kina cha mkwaruzo mmoja. Huo hupunguzwa makali ya kingo zake ili using'ae sana, ukaachwa. Gari lililoondolewa sehemu kubwa ya utando wake, likabakiza makovu machache na rangi ya kutosha, limetendewa haki kuliko gari lisilo na alama hata moja lakini lililobaki na rangi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kazi hii, ikifanywa kwa uaminifu, huchukua siku nzima na mara nyingi zaidi. Anayeahidi kuimaliza kwa saa moja anauza mng'ao wa mafuta. Haraka haraka haina baraka.

KUITUNZA RANGI ILIYOPONA

Mwisho wa kazi rangi huvikwa kinga. Ya jadi ni nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mnazi fulani wa Brazili. Hudumu wiki kadhaa au miezi michache, kisha hupakwa tena, wala haichovyi rangi. Siku hizi zipo pia dawa zinazoganda juu ya rangi kama kioo chembamba na kudumu muda mrefu zaidi. Hizo husaidia maji na uchafu kuteleza, lakini si ngao ya chuma. Mchanga chini ya kitambaa huzikwaruza pia.

Kinga kubwa ni desturi mpya ya kuosha. Ziwepo ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Kitambaa kiwe laini, chenye nyuzi ndefu au cha maikrofaiba, kisicho na mshono mgumu. Mkono uende kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Magurudumu yaoshwe mwisho kwa kitambaa chake chenyewe. Kukausha kuwe kwa kulaza taulo na kuliinua, si kwa kusugua. Na vumbi likiingia baina ya siku za kuosha, liachwe hapo hapo mpaka maji yapatikane. Gari lenye vumbi limechafuka tu. Gari lililopanguswa vumbi kavu limeumia.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Asimkaripie dereva kwa vumbi la asubuhi, kwa maana karipio hilo ndilo linalokitoa kitambaa chini ya kiti. Ampe ndoo, sabuni ifaayo na wakati wa kuitumia. Na zile namba za unene zilizoandikwa na fundi zihifadhiwe pamoja na hati za gari, ili fundi atakayefuata, baada ya miaka mitano au kumi, ajue kilichobaki kabla hajaiwasha mashine yake.